Kelele za Mashabiki Hutangulia

Tarehe 5 Agosti 1921, Harold Arlin aliketi nyuma ya kituo cha mpigaji katika uwanja wa Forbes Field, Pittsburgh, akashika simu iliyogeuzwa kuwa kipaza sauti, akaanza kusimulia. Kwa mara ya kwanza redio ilitangaza mchezo wa besiboli wa ligi kuu ya Marekani, kupitia kituo cha KDKA. Pirates wa Pittsburgh waliwashinda Phillies wa Philadelphia 8-5. Matangazo yenyewe yalipotea hewani siku ileile.

Kazi yangu ni kuyaunda upya matangazo kama hayo. Nimekulia redioni; Simba na Yanga niliwajua kwa sikio miaka mingi kabla sijakanyaga uwanjani, kwa hiyo naelewa msikilizaji anavyojijengea uwanja mzima kutokana na sauti chache tu.

Naanza na karatasi. Magazeti ya zamani yalichapisha jedwali la kila mchezo, na kikundi cha kujitolea cha Retrosheet, kilichoanzishwa mwaka 1989, kimekusanya kumbukumbu za michezo mingi mno, tukio baada ya tukio. Kinachokosekana mara nyingi katika michezo ya kale ni mfuatano wa kila mpira uliorushwa. Naweza kujua kwamba mpigaji alitolewa, nisijue kama alitolewa kwa mrusho wa tatu au wa saba. Mirusho hiyo ya katikati naibuni. Matokeo ya mpigaji siyagusi kamwe, na kabla kipindi hakijaanza msikilizaji huambiwa kipi kimetoka kwenye kumbukumbu na kipi nimekijaza mimi.

Baada ya hapo nauliza swali ambalo wengi hulisahau: mtangazaji huyu alikuwa wapi? Maana watangazaji wengi wa miaka ya 1930 hawakuwa uwanjani kabisa. Timu ilipocheza ugenini, kulipia laini ya simu ya masafa marefu ilikuwa gharama kubwa, basi karani wa telegrafu alituma alama fupi kutoka uwanjani na mtangazaji akazigeuza kuwa mchezo akiwa studioni. S1C, kwa mfano: mrusho halali wa kwanza, mpigaji ameuacha upite. Herufi mbili na tarakimu moja, naye atoe humo vumbi, jua na jasho.

Ronald Reagan, kabla ya filamu na siasa, aliifanya kazi hiyo katika kituo cha WHO, Des Moines, akitangaza michezo ya Chicago Cubs. Alisimulia mwenyewe kwamba siku moja telegrafu ilikatika, naye akamfanya mpigaji aguse mpira mmoja baada ya mwingine, yote ikitoka nje ya mistari, kwa zaidi ya dakika 6, mpaka laini iliporudi. Pigo la namna hiyo haliingii kwenye jedwali, ndiyo maana lilimwokoa.

Sasa sikiliza tofauti. Mtu akiwa uwanjani, umati hulipuka kwanza, sentensi yake hufuata, kwa sababu maelfu ya macho yameuona mpira kabla mdomo mmoja haujautaja. Studioni mambo hugeuka: mtangazaji anasema, ndipo fundi anaongeza kelele kutoka kwenye santuri. Kuchelewa huko ni chini ya sekunde moja, lakini sikio hukugundua. Kwa hiyo ninapounda mchezo wa Arlin natanguliza umati. Ninapounda mchezo wa telegrafu nauchelewesha. Ukikosea hapo, sauti nzuri ya mtangazaji haitakuokoa.

Gordon McLendon, mtangazaji wa Dallas, alipambana na tatizo hilo kuliko wote. Mtandao wake wa redio wa Liberty, ulioanza mwaka 1948 na kuanguka 1952, ulifikia vituo zaidi ya 400. Aliwatuma watu wakanase kelele za viwanja halisi, na ili sauti ya msemaji wa uwanjani ipate mwangwi, mtu wake alizungumza akiwa chooni. Nimejaribu: vigae vinafanya kazi kuliko programu yoyote ya kompyuta niliyonunua. Mlio wa gongo likipiga mpira bado naupata kwa njia ya watangazaji hao wa studioni, kijiti juu ya kipande cha mti chenye uwazi ndani.

Makosa mengine ni ya wakati. Kinanda cha uwanjani hakikuwepo mpaka Aprili 1941, pale Wrigley Field, uwanja wa Chicago Cubs. Kukiweka katika mchezo wa 1921 ni kuharibu kila kitu. Taa za usiku zilifika ligi kuu mwaka 1935, hivyo kabla ya hapo hakuna mchezo wa ligi wa kutangaza usiku.

Red Barber, mtangazaji wa timu ya Brooklyn, ndiye ninayempenda zaidi. Yeye hakumficha msikilizaji lolote: aliacha mlio wa telegrafu usikike wazi, kila mtu ajue habari zinatoka mbali. Nilidhani jambo hilo lingeua ladha. Nilipolijaribu studioni, msomaji wangu, anayeigiza sauti ya mtangazaji, aliacha kukimbilia maneno. Mashine inagonga, yeye ananyamaza, nasi sote chumbani tumeinamisha vichwa tukisubiri. Kisha anasema taratibu: mpira, chini, nje.