Usinitumie picha ya ua tu, nionyeshe na miiba

Kila wiki napata picha WhatsApp, waridi la pinki limejaa skrini nzima, chini swali: "hili waridi gani?" Jamani, pinki ziko mamia. Nipigie shina, miiba, jani mbele na nyuma, halafu niambie mwaridi wako unachanua mara moja kwa mwaka au hauna msimu.

Hilo la msimu ndo naanza nalo. Tukisema miwaridi ya zamani tunamaanisha yale makundi yaliyokuwepo kabla ya 1867, mwaka ilipotoka La France, inayohesabiwa mwaridi wa kwanza wa kisasa, na humo kuna inayodai baridi ndo ichanue na kuna ya China isiyojali. Shangazi yangu aliletewa mche wa Jebel Akhdar, Oman, kule milimani kama mita 2,000 wanakopika marashi mawaridi mwezi wa nne, akaupanda Mombasa akijua atapata maua ya kutia kwenye kikuba, miaka mitatu akachuma majani. Mbolea haina kosa, ule ni damaski, kundi mojawapo la hiyo ya zamani inayodai baridi, na joto la Pwani haliuamshi. Utaujua kwa miiba iliyosongamana, mikubwa kwa midogo, na jani la kijivujivu lenye vinyweleo kwa chini.

Old Blush wa China ni kinyume chake, shina laini, miiba michache imeachana, majani machanga mekundumekundu, na petali zikipigwa na jua zinakolea badala ya kupauka. Huo Pwani unakaa.

Sasa utamu uko hapa, hawa wawili walikutana bahari yetu hii hii ya Hindi, kisiwa cha Réunion enzi kinaitwa Bourbon, watu walikuwa wanazungushia mashamba ua wa miwaridi, Old Blush na damaski ya aina nyingine, ile inayorudia kuchanua, zimepandwa pamoja, nyuki wakamaliza mambo, na karibu 1820 mbegu zikafika Paris. Ndo ukoo wa Bourbon, harufu ya damaski na kuchanua tena na tena. Souvenir de la Malmaison ya 1843 ni wa humo, ninao hapa Lushoto, kiangazi ni malkia, masika vitumba vinaozea mtini hata havijafunguka, naudhika kila mwaka.

Na mi niliwahi kuchemka vibaya. Nilikuta mwaridi kwenye nyumba ya zamani, maua meupe madogo yamejikusanya vishada, nikatangazia watu nimepata wa enzi za Wajerumani. Kuja kutazama pale kikonyo cha jani kinaposhikana na shina, kuna vijijani viwili vyenye meno kama kitana. Multiflora, mwaridi wa porini! Yaani shina la kubebeshea, la kutoa mizizi tu, mwaridi wenyewe uliobebeshwa ulishakufa juu yake.

Ndo maana mi sibebeshi, napanda kipande kikae kwenye mizizi yake. Ua likishanyauka kata tawi lililolibeba, unene wa penseli, sentimita 15 hadi 20, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga na mboji, kivulini, funika na chupa ya maji iliyokatwa kitako. Wiki 6 hadi 8 usiung'oeng'oe kuchungulia mizizi, tafadhali.

Shangazi nilimpelekea Old Blush. Juzi kanitumia picha umechanua, ua limejaa skrini nzima.