Kubadili mpangilio wa kibodi ni nini, na mikono inafaidika vipi?

Watu wengi wakisikia kubadili mpangilio wa kibodi wanadhani ni kwenda kununua kibodi nyingine. Hapana, kibodi inabaki ileile, kinachobadilika ni setingi ndani ya kompyuta inayosema ukibonyeza kitufe hiki itoke herufi gani. Kitufe chenyewe hakijui kama kimeandikwa S au O, kinatuma namba tu, halafu Windows au Linux ndo inaamua namba hiyo iwe herufi ipi. Kwa hiyo ni bure kabisa na ukichoka unarudi ulikotoka.

Huu tuliouzoea unaitwa QWERTY, zile herufi sita za kwanza mstari wa juu. Umetokana na mashine za taipu za Marekani, za kina Christopher Latham Sholes, ambazo Remington walianza kuziuza mwaka 1874. Kwa nini herufi zilikaa hivo wanahistoria bado wanabishana, ila kutaipu kwa vidole vyote kumi bila kuangalia kulikuja kuenea baadaye, na ndo maana leo mtu anayeandika kutwa vidole vyake vinapanda na kushuka sana wakati mstari wa kati, pale vinapopumzikia, umejaa herufi kama J na F ambazo hazitumiki sana.

August Dvorak, profesa wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, na shemeji yake William Dealey wakaja na mpangilio mwingine unaoitwa Dvorak, wakapata hataza yake, yaani hati ya umiliki wa ubunifu, 1936. Wao irabu zote tano wameziweka mstari wa kati mkono wa kushoto, na konsonanti zinazotumika sana kwenye Kiingereza wakaziweka kulia. Mpangilio wa tatu, Colemak, ni wa juzi tu, 2006, wa Shai Coleman, na wenyewe unahamisha vitufe 17 tu, Z X C V zinabaki palepale kwa hiyo kukopi na kupesti hakukusumbui.

Sasa sisi tunaoandika Kiswahili tufanyeje, maana hii yote ilipigiwa hesabu kwa Kiingereza. Chukua neno wataweza, litaipu kwenye QWERTY uone, herufi zote nane ni mkono wa kushoto, wa kulia umekaa tu, na kidole cha mwisho kinapiga A mara tatu na katikati kinashuka kupiga Z. Kwenye Dvorak neno hilohilo linaenda kulia kushoto kulia kushoto mpaka mwisho bila kukosea hata mara moja, kwa sababu silabi zetu nyingi ni konsonanti na irabu, na irabu zote ziko upande mmoja. Neno habari nalo linaenda hivohivo. Mimi hapa ndo napapenda sana, mkono mmoja ukiwa unapiga mwingine unajiandaa, na mikono inachoka taratibu.

Ila tusidanganyane, K, J, P na Y kwenye Dvorak ziko kushoto pamoja na irabu, kwa hiyo neno kupika lote unalipiga kwa mkono mmoja, na neno yake vilevile. Na A, ambayo Kiswahili kinaitumia kuliko herufi nyingine yoyote, bado iko kwenye kidole cha mwisho cha kushoto, kwenye Dvorak hivo na kwenye Colemak hivo. Bado kwa anayeandika Kiswahili siku nzima, masekretari na wale wa steshenari, naona Dvorak inalipa zaidi. Colemak kwenye wataweza inahamishia kulia E peke yake.

Spidi usiiweke mbele. Kuna jaribio la jeshi la majini la Marekani la 1944 ambalo watu wanapenda kulitaja kwamba Dvorak inaongeza spidi, lakini wachumi Liebowitz na Margolis walilichambua mwaka 1990 wakaonyesha lina kasoro nyingi. Faida ya kweli ni vidole kutembea kidogo. Na kama mkono unakufa ganzi nenda hospitali kwanza, angalia na urefu wa meza na kiti, mpangilio peke yake hautibu.

Ukiamua kuanza, usianze wiki yenye kazi za haraka, maana mwanzoni utakuwa mzito kweli. Usibandue vitufe kuvipanga upya, kwenye kibodi nyingi kila mstari una kimo chake na vile vinundu vya F na J vitahama. Printi picha ya mpangilio uibandike pembeni ya skrini, uzoee bila kuangalia chini. Kwenye Windows unaongeza kibodi ya United States-Dvorak kwenye setingi za lugha, halafu Win na Space unahama kati ya miwili, inasaidia sana kama kompyuta mnatumia wengi. Na kabla hujazima, angalia ile skrini ya kuingilia inatumia mpangilio gani, maana pasiwedi inaonekana vidoti tu na utaipiga sahihi kabisa kwa vidole halafu ikukatalie.