Kitabu Kipo kwenye Katalogi, Je, Kipo Rafuni?

Ripoti za maktaba za vyuo vikuu hupenda kufungua na mambo mawili: tuna vitabu vingapi, na wameingia watu wangapi. Hesabu hizo hazisemi kama aliyekuja kutafuta kitabu alitoka nacho. Na ile ya mlangoni huharibika kirahisi. Mashine nyingi za kuhesabu watu mlangoni humhesabu mtu akiingia na akitoka, kwa hiyo gawanya kwa mbili. Umeme ukikatika, waliopita gizani hawamo.

Kama una wiki moja na karatasi tu, pima upatikanaji. Kipimo hiki kimo katika ISO 11620, kiwango cha kimataifa cha viashiria vya utendaji wa maktaba.

Chagua katikati ya muhula, si wiki ya kwanza wala ya mitihani, na usiwasahau wanafunzi wa jioni. Kila anayetafuta kitabu ajaze: nilitafuta kipi, nilikipata au la. Kila "la" ifuatiliwe siku hiyohiyo. Ukingoja kesho, kitabu kitakuwa kimerudishwa na sababu hutaijua tena.

Tuseme umekusanya maombi 200. Vitabu 30 maktaba haina kabisa, vinabaki 170. 34 vimeazimwa; vinabaki 136. Vingine 34 katalogi inasema vipo, rafuni havipo, vinabaki 102. 10 vilikuwa mahali pake ila mtafutaji hakuviona. Waliofanikiwa ni 92, yaani asilimia 46.

Hiyo 46 peke yake haina kazi kubwa, tena kwa sampuli ya 200 inaweza kupanda au kushuka kwa pointi 7 hivi. Ukitaka pointi 5, kusanya karibu 400. Faida iko kwenye kujua sababu za kukosa. Vilivyoazimwa vinatibika kwa kufupisha muda wa kuazima, au kuweka nakala moja kwenye sehemu ya kusomea humo humo. Vile 34 visivyoonekana rafuni ndivyo vya kuumiza kichwa: vimerudishwa rafu isiyo yake, viko kwenye toroli vikisubiri kupangwa, vimeibwa, au vimefichwa nyuma ya vitabu vya somo jingine na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Hapo kuomba bajeti ya kununua vipya ni kumimina maji kwenye pakacha. Kinachotakiwa ni mtu wa kusoma rafu kila asubuhi, yaani kukagua kama kila kitabu kiko mahali pake.

Majarida ya mtandaoni yana njia yake. Vyuo vingi hapa huyapata kwa kuchangia kupitia CUUL, muungano wa maktaba za vyuo vikuu vya Uganda. Chukua mchango wenu, gawanya kwa makala zilizofunguliwa: shilingi 18,000,000 kwa makala 6,000 ni shilingi 3,000 kila moja. Katika TR_J1, ripoti ya makala za majarida zilizofunguliwa inayofuata COUNTER (kiwango cha kimataifa cha kuhesabu matumizi ya mtandaoni), tumia safu ya Unique_Item_Requests. Ile ya Total_Item_Requests humhesabu mara mbili aliyesoma makala kwenye ukurasa kisha akaipakua kama PDF.

Matumizi yakiwa madogo, usikimbilie kufuta usajili. Mwanafunzi aliye hosteli na bando la simu yake, kama mfumo wa kuingilia ukiwa nje ya chuo umeharibika, mchapishaji hamtambui kama wenu. Hata kwenye TR_J2, ripoti ya walionyimwa, hatatokea. Zima Wi-Fi ya chuo, washa data, ujaribu kufungua makala tano.