Majina mengi ya Kirusi hayakuzaliwa Urusi

Orodha za majina ya watoto hutuaminisha kwamba Ivan, Tatiana na Natasha ni majina ya Kirusi tangu enzi na enzi. Si kweli. Mwaka 988 mtawala Vladimir wa Kiev, dola ya kale ambamo Urusi ina mizizi yake, alipopokea Ukristo kutoka Bizanti (Dola ya Roma ya Mashariki), majina ya watakatifu yaliingia pamoja na ubatizo, mengi yakiwa ya Kigiriki, Kiebrania au Kilatini. Ivan ni Yohana yuleyule wa Biblia. Tatiana lina asili ya Kirumi. Hata Olga na Igor, yanayosikika Kirusi kabisa, yaliletwa na Waskandinavia: ni Helga na Ingvar hayo.

Ya Kislavi, yaani ya jamii ya lugha yenye Kirusi ndani yake, yapo, kama Vladimir na Yaroslav. Ila mimi hunivutia zaidi Vera, Nadezhda na Lyubov, yaani imani, tumaini na upendo. Ni dada watatu wanaosimuliwa na Kanisa kuwa waliuawa kwa ajili ya dini. Majina yao ya Kigiriki yalitafsiriwa badala ya kuachwa yalivyo, jambo ambalo halikuwa kawaida. Svetlana nalo hudhaniwa kongwe, kumbe lilienezwa na washairi mwanzoni mwa karne ya 19. Ninel, la enzi za Usovieti, ni Lenin, jina la mwasisi wa Usovieti, limesomwa kinyumenyume!

Natasha lenyewe ni jina la nyumbani. Kwenye cheti cha kuzaliwa, Warusi kwa kawaida huandika Natalia. Na Sasha si la wasichana tu: Aleksandr na Aleksandra wote huitwa hivyo.