Je, wajua kwa nini seli haziyeyuki majini?

Ndani ya seli mmejaa maji, na nje yake ni maji pia. Mbona basi ya ndani hayamwagiki yakachanganyika na ya nje? Kinachoyatenga ni utando wa mafuta wenye unene wa nanomita 5 hivi. Ungerundika tando 20,000 za namna hiyo ndipo upate unene wa karatasi moja ya kuandikia.

Mafuta hayo ni ya jamii ya lipidi. Jamii hii ina watu wengi wasiofanana: mafuta ya kula, nta, kolesteroli. Undugu wao ni mmoja tu, kwamba hawapatani na maji. Wanaojenga utando ni fosfolipidi. Kila molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Zitie majini, zitajipanga zenyewe: mikia inafichana katikati, vichwa vinabaki vikitazama maji ya pande zote mbili. Mimi hili hunishangaza kila nikilifikiria. Hakuna fundi, na nyumba imesimama.

Tulijuaje kwamba safu ni mbili? Mwaka 1925, Evert Gorter na François Grendel wa Uholanzi walichukua seli nyekundu za damu, wakazikamua lipidi, kisha wakaitandaza juu ya maji hadi ikawa safu ya molekuli moja. Eneo lake likatoka kama mara mbili ya eneo la uso wa seli zenyewe. Walichagua vizuri, maana seli nyekundu ya mamalia ikishakomaa haina kiini wala tando nyingine za ndani, hivyo lipidi yote ilitoka kwenye utando wa nje. Baadaye ilibainika kwamba asetoni, kimiminika cha kuyeyushia mafuta walichotumia, haikutoa lipidi yote, na kwamba uso wa seli walikuwa wameukadiria mdogo kuliko ulivyo. Makosa hayo mawili yalifutana, na jibu lao ni sahihi hadi leo.

Utando huo si ukuta mkavu; molekuli zake huteleza huku na huko bila kukoma. Kolesteroli, ambayo wengi huijua kwa ubaya tu, hujipachika kati ya mikia ili utando usilegee mno kwenye joto wala kukakamaa kwenye baridi. Mwili huitumia pia kutengeneza nyongo na homoni kama estrojeni na testosteroni. Tena lipidi ni ghala: gramu 1 ya mafuta hutoa kilokalori 9 hivi, ya wanga 4.

Virusi vya mafua na vya korona navyo vimejifunika utando wa lipidi, vilioupora kwenye seli vilimozaliana. Molekuli ya sabuni nayo ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Unaponawa, mikia hiyo hujipenyeza katikati ya fosfolipidi, utando unachanika, na kirusi kinasambaratika mikononi mwako.