Anthropolojia ya utalii ni kitu gani, na inatuhusu nini sisi watu wa Bukavu, mashariki ya Kongo

Anthropolojia ya utalii ni masomo ya watu wanaosafiri kwenda kutembea, watu wanaowapokea, na yote yanayopita katikati yao: pesa, picha, dharau, urafiki, uongo mdogo mdogo wa kuuza vitu, sheria za mipaka. Watu wa uchumi wao wanahesabuga watalii wangapi waliingia na dola ngapi zilibaki. Mwanaanthropolojia yeye anakaa kwa wenyeji miezi na miezi, anakula nao, anamfuata mwongoza watalii kazini mpaka nyumbani kwake, halafu anauliza nani alipanga mambo yawe hivi na nani anakulaga hapo.

Ni masomo ya juzi juzi tu. Zamani wataalamu wenyewe walikuwa hawapendi kugusa hayo mambo, waliona ni starehe ya wazungu, na mimi nafikiri waliogopa pia kuonekana kwamba na wao ni wageni wenye kamera kama wale wengine. Mwaka 1977 ndo Mmarekani Valene Smith alikusanya uchunguzi wa wenzake katika kitabu kimoja kuhusu wenyeji na wageni, na tangu hapo njia ikafunguka.

Kabla yake, mwaka 1973, mwenzake Dean MacCannell alikuwa ameshatoa wazo ambalo mpaka leo linatumika sana. Alisema mtalii anatoka kwao akitafuta maisha ya kweli, na wenyeji wakishajua anachotafuta wanamtengenezea, wanampa kama jukwaa lenye sura ya ukweli, halafu maisha yao yenyewe wanayaficha nyuma. Mfano mzuri uko Kenya, karibu na Nairobi. Familia moja ya Waingereza, akina Mayers, ilikuwa na shamba ambapo watalii waliletwa kuangalia morani wa Kimaasai wakiimba na kuruka, wakimaliza wanapelekwa mbele ya nyumba ya wenye shamba kunywa chai kwenye majani yaliyokatwa vizuri. Wataalamu Edward Bruner na Barbara Kirshenblatt-Gimblett walipochunguza pale miaka ya 1980 waliona kwamba wale vijana walikatazwa kuvaa saa au tisheti mbele ya wageni, yaani mtalii asije akagundua kwamba Mmaasai naye anaishi karne moja na yeye! Serikali ya Kenya ikaja kufunga yale maonyesho juu yalikuwa yananuka ukoloni.

Hapa kwetu angalia vinyago vya Balega, kabila la huku Kivu. Kwa Balega kinyago kilikuwa cha Bwami, chama cha wazee, na mtu alikuwa anakipata kwa kupanda cheo, kila kimoja na mafundisho yake. Wabelgiji wakapiga marufuku Bwami mwaka 1948, na wakati huohuo wazungu wengine wananunua vile vinyago kwa bei kali wapeleke Ulaya. Leo fundi anachonga kipya, anakipaka masizi na mafuta, anakisugua udongo mpaka kionekane cha babu wa babu, juu anajua mgeni hanunui kitu kipya. Watu wanasema ni udanganyifu. Mwanaanthropolojia angeuliza kwanza nani alimfundisha yule fundi kwamba kizee ndo kina bei, na mimi niko na yule fundi kabisa, anafanya kazi kwa soko ambalo hakulitengeneza yeye.

Sasa tuje kwenye nguvu zinazosukuma utalii, hapa ndo penye uzito. Utalii haujileti wenyewe eti juu mahali ni pazuri. Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley alipanda milima ya Virunga, akaua gorila kadhaa kwa ajili ya makumbusho ya New York, halafu roho ikamuuma, akaanza kuomba mfalme Albert wa Ubelgiji awalinde. Mwaka 1925 mbuga ikazaliwa, ya kwanza Afrika kuitwa mbuga ya taifa. Kwa hiyo wazo kwamba milima ya Kivu ni ya kuangaliwa, na mnyama wake ni wa thamani kuliko kuni na shamba, lilitoka kwa mwindaji wa mbali na mfalme wa mbali. Waliokuwa wanalima na kuwinda pale hawakuulizwa.

Kahuzi-Biega ni hivyohivyo na inatugusa zaidi. Mbuga ilianzishwa 1970, na Mbelgiji Adrien Deschryver akazoesha gorila kuonana na watu, wageni wakaanza kuja kutoka kila upande. Ukubwa wake ulikuwa karibu kilometa za mraba 600, mwaka 1975 ukapanuliwa mpaka 6,000 hivi. Batwa waliokuwa wanaishi ndani ya ule msitu walitolewa miaka hiyo ya 1970, bila ardhi nyingine, bila malipo ya maana, na wakabaki kando kando ya mbuga wakilima mashamba ya watu wengine. Kisha baadhi yao wakaajiriwa kufuata nyayo za gorila mbele ya watalii, juu hakuna aliyejua msitu kama wao. Fikiria hapo: unaongozwa na mtu ndani ya nyumba aliyofukuzwa, na wewe umelipa tiketi. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitoka hadharani ukisema nchi yetu ilivunja haki za hao Batwa. Mimi napenda ile mbuga na nataka gorila waishi, lakini siwezi kuiongelea Kahuzi nikaanzia kwa mnyama nikamruka mtu.

Nguvu nyingine ni vita. Dian Fossey, yule mama Mmarekani aliyejulikana dunia nzima kwa gorila, alianzia kwetu Kongo, pale Kabara kwenye milima ya Virunga, mwanzoni mwa 1967. Julai ya mwaka ule vurugu ya mamluki ikaanza, Bukavu yenyewe ikaja kukaliwa na watu wa Jean Schramme, Mbelgiji mkubwa wa hao mamluki, Fossey akatolewa mlimani, na Septemba akafungua kambi yake Rwanda. Umaarufu wote ukamfuata kule. Nisiseme ni sababu moja tu, kuna barabara, kuna usalama, kuna serikali inayojua kujiuza, lakini angalia bei: Rwanda walipandisha tiketi ya gorila mpaka dola 1,500 mwaka 2017, na upande wetu Virunga ilikuwa dola 400, gorila walewale wa mlimani, volkano zilezile. Tofauti ya hizo pesa ni woga na sifa, na sifa inatengenezwa mbali, kwenye televisheni na kwenye matangazo ya ubalozi. Mwaka 2018 Virunga ilifungwa kwa watalii miezi mingi baada ya mlinzi kuuawa na Waingereza wawili kutekwa, na wenye kubeba mizigo na kupika kambini wakakaa bila kazi muda wote ule.

Kosa moja ambalo hata wataalamu wamelifanya muda mrefu ni kumuona mtalii kama mzungu tu. Jumapili ukienda kando ya ziwa utakuta maharusi na msafara wao wanapiga picha, familia zimeagiza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na soda, vijana wanapanda boti kwenda kisiwa cha Idjwi kutembea tu. Na ndugu zetu wa diaspora wakirudi Desemba kutoka Brussels wanapiga picha ya sombe (majani ya muhogo), ya motari (dereva wa pikipiki), ya mama anayeuza ndizi bila kumuomba ruhusa, na yule mama anamuita mmoja wao "muzungu" huku anaongea naye Mashi, lugha ya hapa kwetu. Huyo ni mwenyeji au mgeni? Noel Salazar, Mbelgiji aliyechunguza waongoza watalii wa Arusha, anatuonyesha kwamba picha ya Afrika iliyotengenezwa nje wenyeji nao wanaijifunza na kuisema upya kwa wageni. Kwa hiyo ukitaka kufanya hii kazi hapa Bukavu anza na yule mama wa ndizi, muulize anaona nini wakati simu inamwelekea usoni, na kama kuna siku alipigwa picha akaomba kulipwa, na nani alimjibu nini.