Kiwewe cha vita: ugonjwa unaeleza nini, na unasamehe nini?

Katika mazungumzo ya kila siku, kiwewe ni kitu cha dakika chache. Kibaka akikurupushwa pale Kirumba anapatwa na kiwewe, anaacha ndara moja na kutokomea kati ya vibanda. Kesho yake yuko kijiweni anacheka. Kiwewe cha vita, ambacho madaktari hukiita PTSD, ni kile kinachokataa kuisha. Mtu amekabidhi bunduki, amerudi kwao, ana wajukuu, lakini mwili wake bado uko vitani Lukaya, Uganda, Machi 1979.

Dalili zake wengi tumeziona bila kujua tunachokiona. Anaweweseka usiku. Hakai kuupa mlango mgongo. Tairi la lori likipasuka, yeye keshalala chini kabla wengine hawajageuza shingo. Habari za vita zikianza redioni anazima, au anatoka nje bila kuaga. Hasira zake ni za karibu, usingizi wake wa mbali. Hali hii ikizidi mwezi mmoja na ikimvurugia maisha, ndipo daktari huipa jina hilo.

Na jina lenyewe lilichelewa. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera Oktoba 1978, Kampala ikaanguka Aprili 1979, na waliopigana hawakuwa wanajeshi wa kazi peke yao. Maelfu walikuwa mgambo waliotolewa vijijini, wakafunzwa upesi, wakapelekwa, wakarudishwa kwenye majembe na nyavu zao. PTSD iliingia katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Kwa hiyo wapiganaji wetu walifika nyumbani na ugonjwa ambao vitabu vilikuwa bado havijaupa jina hili, na mtaa ukajitungia majina: mlevi, mvuta bangi, kapandwa na mashetani. Wapo waliosema tu kwamba vita vimemkaa kichwani. Kwangu mimi hao ndio waliokaribia zaidi.

(Mwanza nayo iliguswa. Ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ililenga mji ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Wala ugonjwa huu si wa askari peke yao. Walionusurika meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996 wangeweza kuupata vilevile.)

Sasa twende kwenye swali linalogombanisha familia: mtu wa namna hii akimuumiza mwenzake, tumlaumu?

Tuseme kuna mzee amelala. Mkewe anamgusa bega kumwamsha, naye kabla hajafumbua macho anarusha mkono na kumpasua mdomo. Kisha anaketi kitandani akitetemeka: "Mama Kulwa, ni mimi nimefanya hivi?" Kitendo hicho sioni kama ni chake kwa maana tunayoijua ya kukusudia. Mzee huyohuyo, jioni nyingine, anarudi kutoka kilabuni, anakuta ugali umepoa, anafunga mlango kwanza ili majirani wasiingie, ndipo anaanza kupiga. Aliyekumbuka kufunga mlango alijua anachofanya.

Sheria ya Tanzania inapita njia hiyohiyo. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu hakiulizi tu kama mtu ana ugonjwa wa akili. Kinauliza kama wakati ule ugonjwa ulimzuia kuelewa anachofanya, au kutambua kwamba hapaswi kukifanya, au kukidhibiti kitendo chake. Ikiwa anaumwa lakini ugonjwa haukumfikisha hapo, anaweza kuwajibika kama mwingine yeyote. Ulevi wa kujitakia nao, kwa kawaida, haumwokoi mtu. Cheti cha daktari, kwa hiyo, hakitoshi chenyewe.

Lakini mahakama hutazama zaidi dakika ya tendo, na mimi naona jambo zito liko asubuhi ya pili. Mzee wetu ameshaona mdomo wa mkewe umevimba. Tangu hapo anajua kitu ambacho jana hakukijua: kwamba usingizini ana hatari. Ndoto hawezi kuizuia. Panga lililo chini ya kitanda anaweza kulipeleka kwa jirani. Anaweza kulala chumba kingine, kumwambia mkewe amwite kwa jina akiwa mlangoni, asimguse. Anaweza kupunguza gongo, kwa sababu pombe anayoinywa ili alale ndiyo inayoichochea hasira. Anaweza kwenda hospitali ya Bugando kuonana na daktari wa akili, maana tiba ipo, ya mazungumzo na ya vidonge. Akijua yote hayo na asifanye hata moja, usiku wa pili sehemu ya lawama ni yake, hata kama mkono ulirushwa akiwa ndotoni.

Nasema sehemu, kwa kuwa hakujipeleka Uganda peke yake. Nchi iliyomwita, ikamshangilia aliporudi, kisha ikamwachia mkewe kazi yote ya kumtuliza, nayo ina deni. Na tusimgeuze kila mpiganaji wa zamani kuwa chui: wengi wenye ugonjwa huu hawamgusi mtu. Wanajikunja peke yao, na hatari kubwa mara nyingi ni juu yao wenyewe.

Kuhusu Mama Kulwa, yeye halazimiki kungoja majibu ya maswali haya. Anaweza kumhurumia mumewe na bado akahamia kwa dada yake Igoma wiki hiyohiyo. Anaweza pia kwenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi akiwa na mdomo wake uliopasuka, na kueleza mambo yote mawili, kipigo na vita.